Vigelegele Vilivyotangulia

Kijiji kizima kilijua thamani ya koo la Ildefonsa. Halikuwa koo la kuimbia; kanisani alikaa benchi za nyuma, na akianza kuimba waliokaa karibu naye walitazamana. Lilikuwa koo la sauti nyembamba, zile zinazopanda na kupasua hewa, na nyumba yake ilikaa pale pale sauti hizo zinapohitajika: juu ya mgongo wa kilima, upande huu migomba ya Murusagamba, upande ule bonde na kilima cha pili, na nyuma ya kilima cha pili Burundi. Sauti iliyotoka bondeni ilimfikia yeye kwanza. Isipopita kwake, haikuvuka.

Alizijua sauti hizo kwa majina na kwa kazi zake, na alimfundisha binti yake Irine tangu utotoni, kama mama wengine wanavyofundisha kupepeta na kusuka. Mluzi ni wa mchana, wa kuitia mbwa na mbuzi, na wa kumjulisha mwenye shamba kwamba unapita kwenye migomba yake kwa heri. Usiku haupigwi, utaita nyoka. Yowe ni la moto na la mtoto aliyetumbukia kisimani. Hilo mtu halipangi, linamponyoka. Ukunga ni wa msiba, mwanamke huuachia mlangoni ili walio mbali wajue kwamba mgonjwa waliyekuwa wakimwulizia hayupo tena. Unyende ni wa kiumbe aliyeishiwa nguvu: mwanambuzi aliyekosa titi, mtu wa homa anayeweweseka. Na nduru ni ya mwizi na ya muuaji.

"Nduru haina mwenyewe," alimwambia Irine. "Ukishaisikia ni yako. Unaipokea, unaipeleka mbele. Anayeisikia akanyamaza, huyo ni mwenzake mwizi."

Vigelegele alivifundisha mwisho, maana ndivyo vilivyo vigumu. Vya harusi kila mtu anaweza, hata mlevi. Vya uzazi vina heshima yake. Huko kwao mwanamume akisikia vigelegele vya uzazi kutoka nyumba fulani, akifika kwenye lango la ua huo hutua chini chuma chochote alichoshika, panga, mundu, hata kisu cha kumenyea muwa. Damu haimwagiki katika ua huo mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Kuku wa mchuzi wa mzazi huchinjiwa kwa jirani. Na vigelegele hivyo havipigwi kabla ya mtoto kutoka, hata kwa mzaha, kwa sababu mtoto anavisikia, anadhani ameitwa, anakuja kabla hajawa tayari.

Irine alilijua hilo kwa mwili wake. Mimba yake ya kwanza, wifi yake mmoja alichangamka kwa pombe kwenye harusi akampigia vigelegele vya uzazi huku akimshika tumbo, watu wakacheka. Haikupita wiki, mimba ikatoka. Huenda ilikuwa itoke tu. Lakini mtu akishapewa sababu haitupi, na Irine hakuitupa.

Kisha ikaja ile miaka. Kwanza walivuka Warundi, mwaka wa tisini na tatu, wakiwa na mikeka na watoto na macho yasiyotulia. Mwaka uliofuata kambi ya Benaco ikajaa Wanyarwanda, wengi kuliko watu wote ambao Ildefonsa aliwahi kuwafikiria kwa pamoja. Wiston, mume wa Irine, alipata kazi ya utingo kwenye malori ya mahindi ya wakimbizi, na kila alipokuja nyumbani alikuwa na habari mpya. Alisema huko watu huitwa kwa firimbi kama wachezaji wa mpira, ving'ora vya magari havinyamazi, na mtu akifa au akizaliwa jirani hajui, maana sauti zote zimeoana zikawa mvumo mmoja.

"Sasa nani anamsaidia nani?" Ildefonsa aliuliza.

"Mama, huko kila mtu anapiga yowe. Utaenda kwa yupi?"

Jibu hilo lilimkaa moyoni kwa muda mrefu.

Wezi nao walikuja, wa huku na wa kule, na bunduki zilizovuka mpaka zikiwa zimefungwa ndani ya mikeka. Matiasi mwenye duka aliuawa mlangoni kwake jua halijazama. Sungusungu wakapangwa upya, kamanda wao akawa Thobias, mtu wa makamo, mnyamavu, ambaye zamani alikuwa fundi wa kuezeka. Mkutano wa kijiji ukapitisha amri: mluzi marufuku. Wezi wanaitana kwa mluzi, alisema Thobias. Basi mluzi wowote utakaosikika ni wa mwizi. Watu wakapiga makofi. Ildefonsa naye alipiga.

Katika msimu wa kwanza wa amri hiyo, nduru ilimkamata kijana mmoja karibu na daraja la magogo, akiwa na mkungu wa ndizi begani. Ilipofika kilimani, Ildefonsa aliipokea, akaivusha kama ipasavyo, akaendelea kuchambua mboga. Baadaye aliteremka kuchota maji. Watu walikuwa wameshaondoka, isipokuwa Justina, jirani yake wa bondeni, mwanamke kijana mwenye watoto wadogo, ambaye mumewe alikwenda Geita kutafuta dhahabu na bado alikuwa akiitafuta. Justina alisimama kwenye majani na ndoo tupu, akitazama chini ya daraja. Huko kulikuwa na sauti. Ildefonsa alilijua jina la sauti hiyo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima. Unyende. Ulikwenda, ukakatika, ukarudi, kisha haukurudi.

Wanawake wale wawili walichota maji yao juu zaidi ya mto, wakapanda kilima bila kusema neno, na hawakulisema hata baadaye.

*

Irine alipopata mimba ya pili alihamia kwa mama yake, maana Wiston alikuwa njiani siku zote. Alitembea taratibu kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni. Mwezi wa nane ulipomkuta bado amebeba, Ildefonsa alianza kuhesabiwa miongoni mwa watu wanaocheka.

Aliyewachekesha zaidi alikuwa Niyonzima. Huyu alikuwa Mrundi mkazi wa kambini, aliyekuja kumlimia Ildefonsa tangu masika yaliyopita. Mtu mrefu, mabega kama mlango, na sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake hata kidogo. Kirundi chake na Kihangaza chao vilielewana bila mkalimani.

"Niyonzima," Irine alimchokoza, "ukiniamkia 'mwaramutse' nadhani kinda la kuku limepotea nje."

"Linamtafuta mama yake," alijibu. "Huyo hapo, anachambua maharage."

Siku yenyewe mvua ilinyesha asubuhi ikakatika kabla ya mchana. Ildefonsa alimpa Niyonzima panga lake, lile lenye mpini uliofungwa mpira wa tairi, aende kupogoa migomba ya shamba la bondeni.

"Njia kubwa imejaa tope," alimwambia. "Pita kwa Justina, kuna mkato."

"Hanijui huyo mama. Nipige mluzi?"

"Thubutu! Thobias akikusikia utalala ofisi ya kijiji. Pita tu."

Niyonzima alikwenda, akapogoa, akamaliza. Wakati wa kurudi alipita kwa Justina tena, kimya, kama amri ilivyotaka na kama alivyoambiwa. Zamani angepiga mluzi, na Justina angejua kuna mtu anapita kwa heri, asingenyanyua hata kichwa. Sasa alinyanyua kichwa kutoka kwenye mihogo yake, akamwona mwanamume mgeni, mrefu, amesimama kati ya migomba na panga mkononi, wala hana sauti. Na watoto walikuwa wanacheza nyuma ya nyumba.

Ildefonsa alikuwa barazani akichambua maharage, Irine ndani amejinyoosha mkekani, nduru ilipopanda kutoka bondeni. Aliitambua sauti ya Justina. Hakufikiri, mtu hafikiri. Alisimama, maharage yakamwagika, akakaza kanga kiunoni, akaenda mpaka kwenye ukingo wa ua ambapo bonde linafunguka, akaipokea. Aliivusha vizuri. Iliruka juu ya bonde, ikagonga kilima cha pili, na kutoka huko nduru nyingine ikaitikia, kisha nyingine mbali zaidi. Mbwa wakaanza. Chini alisikia milango, na miguu, na wanaume wakiulizana kwa kelele ni wapi.

Akageuka kurudi barazani, na migomba ya nyuma ya jiko ikapasuka, akatoka Niyonzima.

Alikuwa na tope mpaka magotini na panga bado mkononi.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, uzi mtupu. "Ni mimi. Mimi ndiye wanayemtafuta."

"Umefanya nini?"

"Nimepita."

Alimshika mkono akamsukuma ndani. Irine alikuwa ameshakaa kitako, kanga imemwanguka, mkono tumboni.

"Kuna nini?"

"Ni Niyonzima wanayemkimbiza. Alipita kwa Justina."

"Basi waambie! Waambie ni mtu wetu!"

Ildefonsa alisimama katikati ya chumba. Alizitafuta sauti zake moja moja, kama mtu anayepapasa darini gizani. Kulikuwa na sauti ya kuwaita watu. Ya kuwarudisha haikuwepo. Wazee waliotengeneza nduru hawakutengeneza mwenzake wa kusema tumekosea, rudini. Maneno nayo hayavuki bonde. Maneno yanamtaka mtu awe karibu, awe ametua pumzi. Wanaopanda kilima hiki watafika na pumzi juu. Yule wa daraja naye alikuwa na maneno. Alisema jina lake, alisema la baba yake, watu walisimulia baadaye, wengine wakimwigiza.

Tena ni yeye mwenyewe aliyewaita. Amewaita hata wa ng'ambo.

Alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

Irine aliuona mkono huo. Aliujua, mama yake hufanya hivyo kabla ya jambo moja tu.

"Mama, hapana."

"Irine."

"Hapana! Si juu ya huyu." Alikumbatia tumbo kwa mikono yote miwili. "Mama, nakusihi, si juu ya huyu. Mwache akimbie."

"Akimbilie wapi? Nimefunga pande zote kwa mdomo wangu."

Niyonzima alikuwa amechutama nyuma ya kihenge cha mahindi. Aliinuka. "Niache nitoke, mama," alisema. "Wasinikute kwa mwenye mimba."

Alipiga hatua kuelekea mlangoni, na Ildefonsa alimtangulia. Alitoka hadi katikati ya ua, miguu ya watu ikisikika sasa kwenye mawe ya chini, akafungua mdomo, akavipiga. Vigelegele vya uzazi, vyenyewe, si vya harusi. Vilipanda vikizunguka kama mwewe. Nyuma yake, ndani, alimsikia Irine akitoa mguno mfupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Mtoto wa kiume huongezewa. Ildefonsa alikusudia kuongeza, ili wanaume wafurahi zaidi, lakini pumzi ilimwishia mapema. Basi akawa amepata mjukuu wa kike.

Watu wa kwanza walitokea kwenye lango la ua wakikimbia, na wakasimama kama waliogonga ukuta. Walitazamana. Mmoja akatua panga kwenye majani. Wa pili akatua mkuki. Vyuma vikaendelea kutua kimoja kimoja, na wanaume wakabaki wamesimama na mikono mitupu, vifua vikipanda na kushuka, hasira ikiwa bado haijui pa kwenda.

"Hee, Mama Irine!" alisema mmoja, akipangusa jasho. "Mchunga mbuzi au mchota maji?"

"Mchota maji."

"Wiston kala hasara! Atachotewa maji mpaka azame."

Walicheka, kicheko cha watu waliochoka. Kisha wakapisha njia, na Thobias akaingia. Alikuwa amekwisha kutua panga lake; rungu alibaki nalo, maana rungu si chuma. Hakuwa anamtazama Ildefonsa. Alikuwa anatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Thobias."

"Hongera."

"Asante."

"Tunamfuata mtu. Justina kamwona na panga." Alionyesha kwa rungu. Nyayo zilitoka nyuma ya jiko, ndefu, zimejaa tope jekundu, zikakata ua, zikaishia mlangoni. "Mtu mwenye mguu mrefu."

"Leo wamepita watu hapa tangu asubuhi. Nyumba ya uzazi, nani anahesabu miguu?"

Thobias alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali. Akasikiliza. Wote wakasikiliza. Maji yalidondoka kutoka kwenye paa la nyasi, tone, tone. Hapo ndipo Ildefonsa alipotambua ni sauti gani iliyokosekana.

"Mtoto halii," alisema Thobias.

"Amechoka. Kazaliwa kwa shida."

"Mtoto mchanga kuchoka kulia?"

"Kama wewe ulivyochoka kukimbia," alisema mtu nyuma, wengine wakacheka, Thobias hakucheka. Mwanamume haingii kwa mzazi. Hilo hata kamanda hawezi kulivunja. Aligeuka. Justina alikuwa anafika wakati huo, nyuma ya wote, mtoto wake mdogo mgongoni, uso umejaa machozi na jasho.

"Justina, wewe ni mwanamke," alisema Thobias. "Ingia umpongeze mwenzio. Umwone mtoto. Na utazame pembeni, nyuma ya vitu. Wewe ndiye uliyemwona huyo mtu, ukimwona tena utamjua."

Justina alimtazama Ildefonsa. Ildefonsa hakuweza kumfanyia ishara yoyote; macho ya wanaume yalikuwa usoni mwake kama nzi. Justina akapita, akainama mlangoni, akapotea gizani.

Ildefonsa alisimama. Alisikia maji ya paa, na mbwa mmoja wa ng'ambo aliyekuwa bado hajaambiwa kwamba mambo yamebadilika. Ndani hapakuwa na sauti. Hapakuwa na yowe, ambalo ndilo alilolisubiri. Aliwaza kwamba Justina akipiga yowe, wanaume watasahau uzazi na kila kitu, nao wote wanne watakuwa katika nyumba moja yenye mlango mmoja. Aliwaza juu ya Irine, mkekani. Alitamani arudishe saa moja nyuma, amwambie mtu yule, piga mluzi, mwanangu, piga kwa nguvu, acha wakufunge.

Justina akatokea mlangoni. Akasimama, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

Sauti yake haikuwa ya kazi hiyo. Vigelegele vyake vilikwaruza, vikakatika katikati, akaanza upya, vikakatika tena. Lakini vilikuwa vya uzazi, na mtu yeyote alivijua.

"Jamani, Justina anapasua kuni!" alisema yule mchekeshaji.

"Kafanana na Wiston," Justina alisema. Alisema kwa sauti kubwa, akiangalia mbele, si kwa mtu yeyote. "Masikio yale yale ya sufuria. Amelala."

Kicheko kilipasuka, cha kweli safari hii. Wanaume wakaanza kuokota vyuma vyao nje ya lango. Mtu akasema mwizi atakuwa amepitia kwa Leonidas, juu; wakaondoka huko wakikimbia, ila si kwa kasi ile ya mwanzo.

Thobias alibaki nyuma. Alitazama nyayo zile mara moja tena, kisha akazikanyaga. Alitembea juu yake kutoka mlangoni mpaka kwenye lango la ua, taratibu, kama mtu anayepima kiwanja.

"Nduru ya leo umeipokea vizuri," alisema. "Nimeisikia nikiwa shuleni." Akainama kuchukua panga lake. "Kitovu kikidondoka nitakuja kunywa."

*

Ndani, Niyonzima alikuwa bado nyuma ya kihenge, panga amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili, hajui kwamba anaweza kuliweka chini. Irine alikuwa amegeukia ukuta.

"Mtoe huyo na hilo panga," alisema bila kugeuka. "Chuma kiko ndani ya nyumba ya mzazi. Si umesema mimi ni mzazi?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mama yake kwa muda mrefu.

Kabla jua halijatua, Justina ndiye aliyemtoa. Alijifunga mtoto mgongoni, akamtwika Niyonzima mzigo wa majani ya migomba, akamtembeza njia yote ya mto kama mume na mke wanaotoka shambani. Kila walipoingia kwenye migomba ya mtu alipaza sauti: "Tunapita, wenye shamba! Tunapita kwa heri!" Ildefonsa aliisikia sauti hiyo ikienda, ikififia, shamba baada ya shamba, mpaka bonde likaimeza. Siku nyingine, wakiteka maji, Justina alisema jambo moja tu: "Alikuwa ananitazama kama yule." Hakusema yule nani. Waliteka maji.

Sasa uongo ukaanza kudai chakula chake. Majirani walileta kuni, uji, na ndizi za kuchoma, na Ildefonsa aliwapokelea nje: mzazi ana homa, mtoto haonekani kwanza, mtaniwia radhi. Alifua vitambaa visivyo na uchafu akavianika mbele ya nyumba. Usiku na mchana alisikiliza pumzi za Irine, akisubiri zibadilike, akisubiri kuona kama mtoto amesikia kuitwa. Aliposali alikosa la kusema. Angeomba nini? Kwamba lile lisingekuwa limetendeka? Mtu aliye hai kambini angekuwa hayupo. Alijaribu kuupima upande mmoja na mwingine, na kila mara alipokaribia kupata jibu, alimwona Irine amegeukia ukuta.

Maumivu yalianza alfajiri moja, mapema kuliko hesabu yao. Justina aliitwa kimyakimya, akaja na wembe mpya na sabuni. Irine aliuma kanga ili asipige kelele, maana mwanamke aliyekwisha kuzaa hana sababu ya kupiga kelele za uzazi. Ildefonsa alimshika mabega kutoka nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Irine alimwegemea.

Jua lilipokuwa linagusa migomba, mtoto alitoka. Alikuwa msichana, mdogo, amekunjamana, rangi yake si nzuri. Hakulia. Justina akamgeuza, akampangusa mdomo, akampuliza usoni. Ildefonsa alikuwa amefungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Vigelegele vilikuwa pale, kwenye koo, vimejipanga kama vilivyozoea, na hapakuwa na pa kuvipeleka. Vilikwisha kutoka. Kijiji kilikwisha kuvisikia, kikacheka, kikaleta kuni.

Justina akampiga mtoto makalioni kwa vidole viwili.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba mno, uzi, unyende. Ildefonsa alifumba macho. Kisha ule uzi ukanenepa, ukavuta pumzi, ukapanda, ukawa kilio chenye madai, kilio cha mtu aliyekasirishwa na baridi.

Irine aliachia kanga kutoka menoni. Alisikiliza.

"Ana sauti ya Niyonzima," alisema.

Ildefonsa hakujua kama acheke au alie. Alifanya vyote viwili, kwa sauti ya chini.

Walimwita Iteka, jina la kule ng'ambo. Irine mwenyewe ndiye aliyelichagua, na hakutoa maelezo.

Thobias alikuja kunywa kama alivyoahidi, siku nyingi baada ya siku iliyostahili. Alipewa pombe ya ndizi kwenye kibuyu, akaonyeshwa mtoto.

"Mdogo," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa umri wake, mdogo sana."

"Wengine hukua polepole."

Alinyonya mrija, akatazama bonde. "Kijiji kimeamua kununua firimbi," alisema mwishowe. "Zile kama za kambini. Moja itakaa kwa Leonidas, huko juu. Sauti ya mtu, mama, ina mambo mengi ndani yake."

Ildefonsa alielewa kwamba amenyang'anywa kazi, na kwamba hilo ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote ambayo Thobias angeweza kufanya. Alimwongezea pombe.

Niyonzima hakurudi kulima. Wanyarwanda wa Benaco walirudishwa kwao, ardhi ya kambi yao ikabaki nyekundu na tupu; Warundi wengine walibaki, wengine wakahamishwa, na habari zake hazikuja tena. Irine na mama yake walizungumza, walilima, walicheka pia. Lakini Ildefonsa hakupiga vigelegele tena kwenye ua wowote. Walipomwomba alisema koo limechoka, na watu wakaamini, maana uzee unaaminika.

Iteka alipofikia umri wa kuuliza, aliuliza. Alikuwa ametoka kwa jirani ambako mtoto alizaliwa, masikio bado yanamwasha kwa shangwe.

"Bibi, mimi nilipigiwa vigelegele?"

"Ulipigiwa."

"Vingi?"

Ildefonsa alimtazama Irine. Irine alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua kichwa. Ungo ulikwenda, ukarudi.

"Vilivaliwa na mtu mwingine kwanza," Irine alisema. "Ndipo ukapewa wewe."

"Kama gauni la mtumba?"

"Kama gauni la mtumba."

Mtoto alifikiri kidogo. "Vilinitosha?"

Ungo ulisimama. Huko juu, kwa Leonidas, mtu alipuliza firimbi, ya zamu tu, na Ildefonsa akajikuta amekwisha kusimama, kanga imekazwa kiunoni, akisubiri asikie inataka nini. Haikusema. Akakaa.

"Vilikutosha," alisema Irine.